Majina Mawili, Hundi Moja

Barua pepe ndiyo iliyotangulia, nami nikaifuta. Ilisema kwamba huenda nina haki ya kulipwa fedha, na katika maisha yangu yote kila barua pepe iliyoanza kwa maneno hayo ilikuwa imetoka kwa tapeli. Siku chache baadaye, mwezi wa Machi 2021, ikaja bahasha nyembamba yenye kidirisha cha plastiki, na juu ya jina langu palikuwa na msururu wa tarakimu na herufi ambao haukuniambia kitu. Mtu akishakaa Marekani miaka michache huzijua bahasha za namna hiyo: ama zinadai fedha, ama zinataka kukuuzia bima ya gari ambalo tayari lina bima. Niliichana kwa kidole, nikaona maandishi madogo yaliyojaa kurasa nane, nikaitia kwenye ndoo ya taka.

Siku iliyofuata usiku akanipigia simu mzee mmoja wa Bukavu ambaye sote tulioendesha naye hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, tunamwita Mzee bila kuongeza jina. Hana mazoea ya kupiga simu usiku. Baada ya salamu, ambazo kwake hazifupishwi hata kama nyumba inaungua, akaniambia, “Mwanangu, ile barua ya kampuni usiitupe. Ni ya mahakama. Soma ukurasa wa tatu.” Nikamwambia nimeshaitupa jana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kwenu gari la taka hupita siku gani.

Lilikuwa linapita asubuhi yake. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikashuka hadi kwenye mapipa nyuma ya jengo, nikapekua kwa mwanga wa simu hadi nikaipata barua ikiwa imelowa mchuzi upande mmoja. Ukurasa wa tatu ulikuwa mzima.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Si mojawapo ya zile mbili kubwa za kubeba abiria ambazo kila mtu anazijua. Ni ya kupeleka vyakula na vifurushi kwa programu ya simu, na mimi niliiendeshea kuanzia majira ya joto ya 2016 hadi mwishoni mwa 2018, kwa gari langu mwenyewe, Corolla iliyokuwa imeshatembea sana kabla sijainunua. Barua ilieleza kwamba madereva wachache walikuwa wameishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya shirikisho kwa niaba yao na kwa niaba ya wote waliofanya kazi kama yao, wakidai kwamba tuliitwa wakandarasi huru, yaani watu wanaojitegemea, ilhali kwa sheria tulikuwa waajiriwa, na kwamba kwa sababu ya jina hilo tulibebeshwa gharama ambazo hazikuwa zetu. Pande mbili zilikuwa zimepatana, na jaji alikuwa ametoa kibali cha awali. Kilichobaki ni sisi wengine, ambao hatukuwahi kuingia mahakamani, kusema tunataka nini.

Hapo ndipo niliposoma kwa makini, kwa kuwa huu ni utaratibu ambao mtu aliyekulia Tanga hakuzoea kuuona. Kwetu, kwa kawaida kesi ni ya yule aliyekwenda kuifungua. Asiyekwenda hana kesi. Katika kesi ya pamoja ya Kimarekani, inayoongozwa na Kanuni ya 23 ya mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho, watu wachache husimama badala ya wote, na mahakama ikishalikubali kundi, kila anayeingia katika maelezo ya kundi hilo yumo hata kama yuko usingizini. Barua ilinipa njia tatu: kujaza fomu ya madai nilipwe fungu langu, kujitoa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani ili nibaki na haki ya kushtaki peke yangu, au kubaki ndani lakini nimwandikie jaji pingamizi kwamba mapatano hayaridhishi. Njia ya nne haikuandikwa kwa herufi nzito, ingawa ndiyo ambayo nilikuwa nimeshaichagua jana yake bila kujua: kutofanya lolote. Anayenyamaza halipwi, na bado anahesabiwa kuwa ameyaachilia madai yake yote ya miaka ile. Barua yangu ndani ya ndoo ya taka ilikuwa tayari inafanya kazi ya kisheria dhidi yangu.

Kabla ya kueleza nilivyodai, niliseme suala lenyewe, maana watu wengi tunaowasiliana nao nyumbani huuliza tatizo liko wapi ikiwa mtu alikuwa analipwa.

Dereva wa daladala Tanga au Dar es Salaam hupewa gari alfajiri, na jioni humpelekea mwenye gari hesabu, yaani kiasi walichopatana. Kinachozidi baada ya mafuta ndicho chake na cha kondakta wake. Siku ikiwa mbaya hesabu haipungui. Akichoka au akiugua humwachia deiwaka, naye deiwaka hana mapatano na mtu yeyote isipokuwa yule aliyempa usukani. Muulize mwenye gari kama huyo dereva ni mwajiriwa wake, atakujibu, “Huyo ni kijana wangu.” Neno hilo halimo katika sheria ya kazi ya nchi yoyote ninayoijua. Lakini dereva wa daladala anamjua mwenye gari anakoishi. Anaweza kwenda kumweleza kwamba leo barabara ilifungwa, na anaweza kujadiliana. Mimi sikuwa na mtu wa kumweleza. Bei iliwekwa na programu, kazi iligawiwa na programu, muda wa kufika ulipimwa na programu, na aliyekataa kazi nyingi alishushwa daraja na programu. Mwenzetu mmoja alifungiwa akaunti saa sita usiku kwa ujumbe wa mistari miwili. Asubuhi yake bado alikuwa anaubonyeza ule ujumbe akitafuta mahali pa kujibu.

Kwa hiyo tulikuwa nani? Sheria ya Massachusetts ina jibu kali kuliko nilivyodhani. Sura ya 149, kifungu cha 148B, huanza kwa kumhesabu kila anayetoa huduma kuwa mwajiriwa, na kumwachia anayemlipa mzigo wa kuthibitisha kinyume chake. Anatakiwa athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja: kwamba mtendakazi yuko huru dhidi ya usimamizi wake, kwamba kazi inayofanywa iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yake, na kwamba mtendakazi huyo ana biashara yake mwenyewe ya kazi ya aina hiyo. Akishindwa moja, ameshindwa yote. Ni hilo la pili linalozichoma kampuni za programu. Kampuni inayopeleka vyakula ikisema kwamba kupeleka vyakula si shughuli yake, kwamba yenyewe ni kampuni ya teknolojia tu inayokutanisha mwenye njaa na mwenye gari, ni sawa na mwenye daladala kusema yeye ni mfanyabiashara wa viti. California nayo iliuchukua mtihani wa namna hiyo kupitia hukumu ya Mahakama yake ya Juu katika kesi ya Dynamex ya Aprili 2018, na mwaka 2019 ikautungia sheria.

Jina hilo lina bei. Mwajiriwa wa Marekani hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Mkandarasi huru hulipa pande zote mbili, asilimia 15.3. Mwajiriwa akiachishwa kazi ana bima ya kukosa ajira, mkandarasi hana. Juu ya hayo kuna gari. Ndani ya kijibweta cha dashibodi nilikuwa na daftari la kurasa mia moja, jalada jekundu, ambalo kila jioni niliandika kilichosomeka kwenye mita ya maili, kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye waya wa daftari ili isipotee chini ya kiti. Alinifundisha Mzee, wiki yangu ya kwanza, akisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwa ninaandika kwa ajili ya kesi. Nilikuwa ninaandika kwa ajili ya kodi, kwa kuwa mamlaka ya mapato ya Marekani humruhusu anayejitegemea kukata kiasi fulani kwa kila maili ya kazi, na mwaka 2017 kiasi hicho kilikuwa senti 53.5. Daftari linasema mwaka huo niliendesha maili 18,400 za kazi. Kwa kipimo cha serikali yenyewe, gari langu lilikula dola 9,844 katika mwaka mmoja kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine.

Nilipomaliza kusoma ukurasa wa tatu nikaenda kwenye jedwali la ukurasa wa tano, ambako kila mtu alikuwa amekadiriwa fungu lake. Langu lilikuwa dola 225.50. Nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa niende pembeni kidogo, kwa sababu bila kuijua historia ya kesi kubwa kuliko yetu nisingeelewa ni kwa nini fungu lilikuwa dogo hivyo, wala kwa nini nililidai.

Mwaka 2013 madereva wa Uber waliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California, katika kesi iliyokuja kujulikana kama O’Connor, wakiwakilishwa na wakili wa Boston, Shannon Liss-Riordan. Kesi ya namna hiyo dhidi ya Lyft ilikuwa inaendelea katika mahakama hiyo hiyo mbele ya Jaji Vince Chhabria. Machi 2015 majaji wote wawili walikataa kumaliza suala bila baraza la wazee wa mahakama, na Chhabria akaandika kwamba wazee hao watakabidhiwa kigingi cha mraba na kuambiwa wachague kati ya mashimo mawili ya duara, yaani mwajiriwa au mkandarasi huru. Nimeisoma hukumu yake; kwa mtu aliyekuwa kigingi hicho, ni sentensi inayofariji kuliko hundi.

Aprili 2016 mawakili wa madereva na Uber walileta mapatano yanayoweza kufika dola milioni 100, kwa kundi la madereva wapatao 385,000 wa California na Massachusetts. Milioni 84 zilikuwa za uhakika, na 16 zilitegemea kampuni kuingia kwenye soko la hisa na thamani yake kupanda. Magazeti yalishangilia. Mwezi Agosti Jaji Edward Chen, aliyekuwa na kesi ya Uber, akayakataa. Alisema hayakuwa ya haki wala ya kutosha, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba madai ya adhabu chini ya sheria ya kazi ya California, ambayo yangeweza kuzidi dola bilioni moja, yalikuwa yanafutwa kwa dola milioni moja. Upande wa Lyft, Chhabria naye alikuwa ameshakataa dola milioni 12.25, baada ya kuona kwamba hesabu ya gharama za madereva ilitegemea takwimu za zamani. Mapatano yaliporudi yalikuwa ya milioni 27, na hayo akayakubali.

Kwa Uber mambo hayakwenda hivyo. Mikataba ya kampuni hiyo ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba dereva mwenye malalamiko hataenda mahakamani wala hatajiunga na wenzake, bali atakwenda peke yake mbele ya msuluhishi binafsi, faraghani. Dereva angeweza kukikataa kifungu hicho katika siku 30 baada ya kukubali mkataba, kwa kuandika kwamba anakikataa. Wangapi huusoma mkataba wa programu ya simu hadi mwisho? Septemba 2018 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa iliamua kwamba kifungu kinafanya kazi, na kundi likavunjwa. Mapatano ya mwisho yalipofikiwa mwaka 2019 yalikuwa ya dola milioni 20, na waliostahili walikuwa madereva wapatao 13,600, wale ambao kifungu hakikuwafunga. Kutoka 385,000 hadi 13,600. Wapo wanaomlaumu Jaji Chen kwamba aliikataa mia moja wakaishia na ishirini. Mimi simlaumu, kazi yake ilikuwa kupima kama bei ni ya haki, si kubashiri Kanda ya Tisa itasema nini miaka miwili baadaye. Ila siwezi kusema kwamba waliobaki nje walifurahishwa na usahihi wake.

Wengi wa waliobaki nje hawakukaa kimya. Kifungu kiliwataka waende mmoja mmoja, basi wakaenda mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na ombi lake la usuluhishi. Ada ya kufungua ombi moja, ambayo kwa mkataba wa kampuni yenyewe ililipwa na kampuni, ilikuwa dola 1,500. Uber ilipojiandaa kuingia soko la hisa mwaka 2019 ilibidi iwaeleze wawekezaji kwamba ilikuwa imekabiliwa na maombi ya madereva zaidi ya 60,000, na kwamba kupatana na walio wengi kati yao kungeigharimu kati ya dola milioni 146 na milioni 170. Mzee alipoisikia habari hiyo alipiga paja akacheka hadi akakohoa.

Sasa nirudi kwenye dola zangu 225.50.

Jedwali la ukurasa wa tano halikupima maili. Lilihesabu wiki za kazi, na kila wiki ilikuwa pointi. Lakini katikati ya 2017 kampuni yetu nayo ilikuwa imeingiza kifungu cha usuluhishi katika sasisho la programu. Wiki za kabla ya hapo zilipewa pointi nzima, za baada ya hapo nusu, kwa hoja kwamba aliyekubali kifungu kesi yake ni dhaifu zaidi. Nikajaribu kukumbuka nilikubali lini. Ilinijia baadaye, tena wazi kabisa: nilikuwa kwenye taa nyekundu karibu na daraja la mto Merrimack, supu ya watu ikiwa inapoa kiti cha nyuma, na programu ikawa haifunguki hadi nibonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa kwamba nimekubali. Taa ilikuwa inakaribia kubadilika. Nilibonyeza. Sekunde moja ile ilizikata wiki 41 zilizofuata nusu kwa nusu.

Arobaini na moja ndizo barua ilizozihesabu, nami nilikuwa nimefanya kazi wiki 79. Ndipo nilipogundua kwamba kwa kampuni ile nilikuwa watu wawili.

Mtanzania ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Pasipoti yangu huyapanga hivyo. Nilipopata leseni ya udereva hapa, karani alilifanya jina la babu kuwa ukoo na kuliacha la baba likielea katikati. Nilipoihuisha mwaka 2017, karani mwingine akalidondosha la katikati na kulipandisha la baba mahali pa ukoo. Kampuni ikasema leseni hailingani na akaunti, ikanielekeza nifungue akaunti mpya. Sikuona ubaya, nyota zangu tu ndizo zilizopotea. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zao palikuwa na dereva mmoja aliyeacha kazi katikati ya 2017 baada ya wiki 38, na mwingine aliyeanza wakati huo huo. Barua ilitumwa kwa yule wa pili. Ya yule wa kwanza ilikwenda Lawrence, kwenye chumba nilichokuwa nimepanga zamani, na sijui nani aliitupa. Na yule wa kwanza ndiye aliyekuwa na wiki za pointi nzima.

Nilijaza fomu ya madai kwenye tovuti ya msimamizi wa mfuko, yaani aliyepewa kazi ya kugawa fedha za mapatano, kwa muda wa dakika kumi: namba ya utambulisho iliyo juu ya barua, anwani, tarakimu nne za mwisho za hifadhi ya jamii, na uchaguzi kati ya hundi na malipo ya simu. Hapakuwa na ada yoyote. Ndugu wanaoniuliza huwaambia kwamba msimamizi wa kweli hakuombi hata senti, na anayeomba ni mwizi. Kuthibitisha kwamba watu wawili ni mtu mmoja ndiko kulikochukua wiki saba. Simu ilipokelewa na binti mwenye sauti ya uchovu ambaye alisoma majibu kutoka kwenye karatasi. Nikamweleza habari ya babu yangu. Akasema, “Samahani bwana, ukoo wako ni upi hasa?” Nikajibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Hatimaye akaniambia nitume kile nilicho nacho.

Nilichokuwa nacho ni daftari jekundu na fomu mbili za kodi za mwaka 2017, kila moja kwa jina lake, zote kwa namba ile ile ya hifadhi ya jamii. Fomu hizo ni zile zinazoitwa 1099, na kiasi nilichopata kilikuwa ndani ya kisanduku cha saba, ambacho kwa miaka ile kilichapishwa maneno yanayomaanisha malipo kwa asiye mwajiriwa. Nilizipiga picha kwenye meza ya jikoni pamoja na kurasa za daftari zenye madoa ya kahawa na tarehe zilizokuwa zikifuatana bila kuruka kutoka akaunti moja hadi nyingine. Niliona kichekesho chake wakati ule ule: karatasi iliyosema mimi si mwajiriwa ndiyo ilikuwa ushahidi wangu wa kulipwa kama mwajiriwa. Mwezi Juni wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba kumbukumbu zimeunganishwa, pointi 58.5.

Kikao cha jaji cha kuidhinisha mapatano kilifanyika kwa simu, kwa kuwa janga la korona lilikuwa bado linaendelea. Mtu yeyote angeweza kusikiliza, nami nikasikiliza nikiwa nimeegesha mbele ya duka la matairi. Kilichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki. Wakili wa madereva alieleza kwa nini theluthi moja ya mfuko ni ujira wa haki kwa ofisi yake, ambayo ilifanya kazi kwa miaka kadhaa bila kulipwa na ingepoteza yote kama kesi ingeshindwa. Wakili wa kampuni alirudia kwamba mteja wake hakubali kosa lolote. Jaji akauliza kama kuna pingamizi. Palikuwa na moja, la dereva aliyeandika kwamba katika jimbo ambalo sheria yake ya mishahara tangu 2008 inataka fidia mara tatu, kupewa sehemu ndogo ya mara moja si suluhu. Jaji akasema anaielewa hoja hiyo, lakini mapatano hupimwa kwa hatari ya kukosa kabisa. Kwa maoni yangu dereva yule alikuwa na haki kwa sheria na jaji alikuwa na haki kwa hesabu. Sikumwandikia jaji chochote mimi. Nilikuwa nimedai, na anayedai ametia sahihi.

Sahihi hiyo nimeifikiria sana. Suala tulilopeleka mahakamani lilikuwa moja, kama sisi ni waajiriwa au la, na kila kesi ninayoijua hapa iliyomalizwa kwa mapatano imelipa fedha ili suala hilo lisijibiwe. Uingereza lilijibiwa: tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, majaji wote kwa kauli moja, kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni watendakazi, daraja la kisheria la huko lililo kati ya mwajiriwa na anayejitegemea, wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo. California lilijibiwa kwa kura, Novemba 2020, baada ya kampuni kutumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni, na jibu likawa wakandarasi wabaki wakandarasi. Na huku kwetu Massachusetts, ambako Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliwashtaki Uber na Lyft tangu 2020, kesi ilianza kusikilizwa Mei 2024 na mwezi uliofuata ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 175 na kima cha chini cha dola 32.50 kwa saa ya kuwa na kazi mkononi. Ni fedha nyingi na kima kizuri; Mzee, ambaye bado anaendesha, amefaidika. Kifungu cha 148B kiko pale pale, na hakuna jaji aliyesema kama kinamhusu.

Hundi yangu ilikuja Januari 2022, dola 643.50 kabla ya makato, nikaipeleka benki siku hiyo hiyo kwa kuwa nyuma yake paliandikwa kwamba ikikaa zaidi ya siku 180 itakuwa karatasi tu. Chini ya hundi palikuwa na kipande cha kuchana chenye safu mbili. Nusu ya kwanza iliitwa marejesho ya gharama na haikukatwa kitu. Nusu ya pili, dola 321.75, iliitwa mshahara, nayo ilikuwa imekatwa kodi ya mapato, dola 19.95 za hifadhi ya jamii na dola 4.67 za matibabu ya uzeeni, yaani upande mmoja tu. Upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuendesha, ulikuwa umelipwa na mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, wakati wa kodi, ikaja fomu ya W-2, ambayo katika nchi hii hupewa mwajiriwa na si mtu mwingine. Kisanduku cha jina la mwajiriwa kilikuwa na majina yangu yote matatu, kwa mpangilio wa pasipoti. Nikatazama kisanduku cha jina la mwajiri nikitarajia hatimaye kuiona kampuni. Haikuwamo. Paliandikwa jina la mfuko wa malipo, sanduku la posta na namba yake ya kodi.